Saa 120 kwenye kiti cha abiria

Gari la mradi ni Toyota ndogo nyeupe yenye mikwaruzo miwili ubavuni, na yote miwili naijua ilivyopatikana. Kwa miaka kadhaa sasa Jumamosi asubuhi hunikuta kwenye kiti cha abiria cha gari hilo, nimefunga mkanda, mguu wa kulia unakanyaga breki ambayo haipo. Anayeshika usukani huwa kijana wa miaka 16 au 17, na nyuma ya gari kimebandikwa kibao cha njano chenye herufi L. Tunazunguka Shepparton, mji wa matunda na viwanda vya makopo kaskazini mwa jimbo la Victoria, Australia, tukikusanya saa.

Sheria ya Victoria inasema mtu aliye chini ya miaka 21 hapewi leseni mpaka awe ameendesha saa 120 akisimamiwa na mtu mwenye leseni kamili, na 20 kati ya hizo ziwe za usiku. Kila safari inaandikwa na kutiwa saini. Nyumba yenye baba, mama na magari mawili inazimaliza saa hizo kwa kwenda dukani na kurudi. Sasa chukua nyumba ambayo bibi ndiye anayelea wajukuu, gari hana, leseni hana. Huyo kijana atazipata wapi saa 120? Jimbo lina mradi unaoitwa L2P ambao huwatafutia vijana wa namna hiyo gari na mtu wa kujitolea wa kukaa nao. Ndipo nilipoingilia mimi, baada ya kuchunguzwa na polisi na kupata kibali cha kufanya kazi na watoto.

Mimi ni mtu wa Fizi, Kivu Kusini. Udereva nilijifunza Uvira, ambako magari yanapita kulia. Vita vilitutupa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, tukaishia kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, na huko magari yanapita kushoto, ingawa mimi mkimbizi sikuwa na la kuendesha. Mwaka 2005 serikali ya Australia ilifanya jaribio la kuwapeleka wakimbizi kwenye miji midogo badala ya kuwarundika Melbourne, na Shepparton ikapokea familia 10 za Wakongo. Sisi tulifuata baadaye kidogo. Nilichuma peya, nikapanga maboksi, nikaendesha foklifti ghalani. Siku za kwanza nilidhani mji huu ni wa Wazungu, Waitaliano na Waturuki wenye mashamba. Wenyewe hasa sikuwaona, kwa sababu hakuna aliyenionyesha mahali pa kuangalia.

Wenyewe ni Wayorta Yorta. Kwa Kiswahili tumezoea kusema Waaborijini, na si tusi, lakini ni kama kumwita Mbembe, Mfulero na Mha wote kwa jina moja la “Mwafrika”. Huku kusini mashariki wengi hujiita Wakoori, na ukiwauliza zaidi watakutajia taifa lao. Swali la kwanza wanalokuuliza ni “watu wako ni akina nani?”, na ukiwajibu kwa jina la nchi wanakutazama tu, wanasubiri uendelee. Mzee yeyote wa Fizi angewaelewa hapo hapo.

Lazima niseme nilichokosea, kwa sababu wenzangu wengi bado wanakisema baada ya ibada, sahani ya wali mkononi: “Hawa vijana wa hapa serikali inawapa kila kitu, hawataki kazi tu. Sisi tulishuka kwenye ndege na begi moja.” Nami nilikuwa nasema hivyo. Nikalisema hata mahali pasipofaa, kwenye kikao cha jioni kuhusu ajira za vijana. Nilikuwa nimealikwa niseme Wakongo tunawatafutiaje watoto wetu kazi. Nikajaza hewa. Nikasema juu ya bidii, juu ya kuamka mapema, juu ya begi langu moja. Chumba kikanyamaza.

Mama mmoja mzee wa Kiyorta Yorta, ambaye kila mtu anamwita Anti, akaniuliza kwa sauti ya chini: “Kule kambini kwenu, ukitaka kutoka, ulikuwa unamwomba nani ruhusa?”

Nikamweleza. Mkimbizi Tanzania haruhusiwi kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Unapanga foleni, unaeleza sababu, afisa anakubali au hakubali. Chakula ni cha mgao.

“Mgao wa nini?”

“Unga, maharage, mafuta, chumvi.”

“Mama yangu alipewa unga, sukari na majani ya chai,” akasema. “Na kibali alimwomba meneja. Katika nchi yake.” Akarudi kunywa chai yake, kikao kikaendelea. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Mahali alipopasema panaitwa Cummeragunja, makazi ya wenyeji yaliyokuwa chini ya meneja wa serikali, kwenye ukingo wa kaskazini wa mto Murray, upande wa jimbo la New South Wales. Tarehe 4 Februari 1939 wakazi wengi wa pale walichoshwa na mgao duni, ubabe wa meneja na hofu ya watoto wao kuchukuliwa na serikali, wakafungasha, wakavuka mto na kuingia Victoria. Wengi hawakurudi tena. Baadhi walihamia baadaye kwenye bonde kati ya Mooroopna na Shepparton, mahali panapoitwa Flats, wakajenga vibanda vya magunia na mabati chakavu, wakachuma matunda na kufanya kazi kiwandani. Mto Goulburn ukifurika, wanahama, ukikauka, wanarudi. Wazee wanasimulia kwamba mwaka 1954, Malkia Elizabeth alipotembelea mji, kando ya barabara ilitundikwa mikeka ya magunia ili msafara usivione vibanda vyao. Nyumba za kwanza walizopewa, zile za mtaa wa Rumbalara, zilikuja mwaka 1958.

Barabara ya kutoka Shepparton kwenda Mooroopna inapita katikati ya bonde hilo. Nilikuwa nimeipita mara mia kwenda kazini. Baada ya kikao kile sikuweza tena kuipita huku nikitafuta stesheni ya redio.

Anti aliniita nyumbani kwake wiki mbili baadaye. Nilidhani ananiita kwa maneno, kumbe alitaka mtu wa kubeba viti. Ndivyo nilivyoingia kwenye kamati yao ya mambo ya vijana, kwa mlango wa viti na birika. Mwaka mzima wa kwanza kazi yangu ilikuwa kupanga meza, kuchemsha maji na kuandika kumbukumbu za kikao, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri. Nilikatazwa kitu kimoja tu, kuwasemea. “Ukiulizwa na mtu wa serikali,” Anti aliniambia, “mwambie atuulize sisi. Tuko hapa hapa.”

Jioni moja, sufuria ikiwa jikoni, akanipa hadithi ambayo nadhani aliniwekea makusudi. Mwalimu aliyewafundisha babu zake kusoma hakuwa Mzungu. Aliitwa Thomas Shadrach James, mtu wa asili ya Kihindi aliyezaliwa Mauritius, kisiwa cha Bahari ya Hindi, upande wetu wa maji. Alifika kwao karne ya 19, akafundisha kwenye misheni ya Maloga na huko Cummeragunja kwa zaidi ya miaka 30, akamwoa dada yake William Cooper, Myorta Yorta aliyepigania haki za watu wake. Mchana alifundisha watoto, jioni watu wazima. Cooper mwenyewe alijifunza kusoma na kuandika akiwa mtu mzima, kwa mwalimu huyo. Na alipoweza kuandika hakunyamaza: miaka ya 1930, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, alikusanya saini 1,814 kwenye ombi kwa Mfalme wa Uingereza, watu wake wapate mwakilishi bungeni. Serikali ya Australia haikulifikisha. Doug Nicholls, mtoto mwingine wa Cummeragunja aliyesoma shule kidogo tu, alicheza kandanda yao ya Kiaustralia, akawa mchungaji, na mwaka 1976 akawa gavana wa Australia Kusini. Leo sura za wote wawili, Cooper na Nicholls, zimechorwa kwenye mnara wa maji katikati ya Shepparton, kubwa kama nyumba ya ghorofa. Vijana wangu wa L2P hujifunzia kuegesha chini yao.

“Kwa hiyo mgeni anaweza kufaa,” Anti akasema, akageuza nyama. “Akikaa muda wa kutosha.”

Kijana niliyepangiwa mwishoni mwa 2021 alikuwa mjukuu wa dada yake Anti, kwa hesabu yao ni mjukuu wake, na kwa hesabu yetu vilevile. Nilimkuta hana leseni ya kujifunzia, ingawa miaka 16 ilikuwa imetimia. Kwa nini? Hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Alikuwa amezaliwa hospitali, ana jina, ana shule, ana bibi anayekumbuka mpaka saa ya kuzaliwa kwake, ila karatasi haikuwahi kuchukuliwa. Nilicheka, kisha nikaona haya. Mimi mwenyewe niliingia Australia na tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari, kama Wakongo wengine nusu ya ndege ile, kwa sababu afisa alihitaji kujaza kisanduku.

Hakuwa peke yake. Kamati iliomba wahusika wa vyeti waje ukumbini badala ya vijana kutumwa Melbourne au kwenye tovuti. Iliomba kwa barua, ikaomba kwa simu, ikaomba tena. Walipokuja, foleni ilitoka mpaka mlangoni, na waliokuja si vijana tu. Mzee mmoja wa miaka sitini na kitu alikishika cheti chake akakisoma mara tatu.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa mnyororo wenyewe. Bila cheti hupati leseni ya kujifunzia. Bila leseni huwezi kufika ghalani, maana zamu inaanza saa 11 alfajiri na basi la kwanza bado limelala. Anko yako anakuazima gari, unaendesha bila leseni, unakamatwa, faini. Hulipi faini, inakua. Inakuwa kesi, kesi inaandikwa, na mwajiri anayeomba taarifa ya polisi anaiona. Binamu wa kijana wangu alikuwa amefika kwenye pete ya mwisho ya mnyororo huo akiwa na miaka 19. Bidii niliyoihubiri kikaoni ingeingia kwenye pete ipi?

Shuleni nako kulikuwa na la kwao. Kijana alitaka kuwa fundi umeme. Mikono anayo, aliwahi kutengeneza spika ya kanisa letu ambayo mafundi wetu watatu walishindwa. Lakini shuleni aliambiwa, kwa upole kabisa, kwamba hesabu si zake, na kwamba pengine darasa la 11 linatosha, atafute kazi. Upole huo ndio unaonikera. Mtoto wangu mwenyewe aliambiwa vivyo hivyo na mshauri mwingine, kwa sauti ile ile ya asali. Anti hakupandisha sauti. Alikwenda shuleni na mfanyakazi wa kuwasaidia wanafunzi wa Kikoori, akakaa, akauliza swali moja: “Nani amewahi kumfundisha hesabu hizo baada ya saa za shule?” Hakuna. Basi akapatikana mtu wa kumfundisha Jumatano. Katika vikundi vya mashauriano ya elimu vya wenyeji, ambavyo chama chao cha elimu cha Victoria kimekuwa kikiviendesha tangu miaka ya 1970, hiyo ndiyo kazi kubwa: kukaa mbele ya mwalimu mkuu, mwaka baada ya mwaka, na kuuliza swali lisilo na jibu rahisi. Hapa mjini liko pia shirika la Ganbina, la wenyeji wenyewe, linalomshika mtoto tangu shule ya msingi mpaka kazini. Hilo la kumshika mapema nimelionea wivu kwa ajili ya watoto wetu Wakongo.

Takwimu za taifa ninazo kwenye daftari la kikao. Makubaliano ya Kuziba Pengo ya mwaka 2020, ya kupunguza tofauti kati ya wenyeji na Waaustralia wengine, yanataka ifikapo 2031 asilimia 96 ya vijana wenyeji wa miaka 20 hadi 24 wawe wamemaliza darasa la 12 au mafunzo yanayolingana nalo. Sensa ya 2021 iliwakuta asilimia 68.1. Na wa miaka 15 hadi 24 walio kazini, shuleni au kwenye mafunzo walikuwa asilimia 58, lengo ni 67. Nilipozisoma kikaoni Anti alisema tumpe kila namba jina. Tukaanza kuandika majina ya vijana wa mtaa wetu pembeni ya asilimia. Ukurasa ulijaa kabla chai haijapoa.

Turudi barabarani. Oktoba 2022 mto Goulburn ulifurika, ukapita mita 12 kwenye kipimo cha Shepparton, barabara ya Mooroopna ikafungwa na miji miwili ikawa visiwa. Saa zetu zilisimama pale pale, kwenye 71. Kijana alizitumia siku hizo kujaza mifuko ya mchanga mbele ya nyumba za watu asiowajua, na zingine kutoa zulia lililooza nyumbani kwetu. Siku hiyo ndipo aliponiita Anko. Kabla ya hapo nilikuwa “bro”. Kwa watu hawa Anko na Anti si majina ya kumwagiwa kila mwenye mvi, na mimi nilijifanya sikusikia, nikaendelea kuvuta zulia.

Alipata kibarua cha wikiendi ghalani, nami nikimsindikiza alfajiri, yeye akishika usukani, saa za usiku zikipatikana humo humo. Wiki ya saba akafiwa. Aliyefariki alikuwa dada mwingine wa bibi yake, huko mpakani. Aliondoka siku nne. Aliporudi aliambiwa zamu zake amepewa mwingine. Sheria ya kazi inatoa siku mbili kwa msiba wa jamaa wa karibu, na kwenye orodha ya jamaa wa karibu bibi yumo, dada wa bibi hayumo. Nilipomsikia msimamizi akilieleza hilo nilitaka kumwuliza kama yeye alizaliwa na mashine. Dada wa bibi ni bibi! Kwetu ungekosa matanga yake ungetengwa na ukoo, na kwao ni hivyo hivyo. Wana jina lao la kipindi hicho na hakuna kinachotangulia mbele yake.

Mimi ningeandika barua kali. Kamati ilifanya vingine. Walimwalika msimamizi ukumbini wakampa chakula, na mama wawili wakamchorea ukoo kwenye karatasi, nani anamwita nani mama, nani akifa nani hulia. Kisha wakasema wanachotaka: kijana akifiwa atapiga simu kabla ya zamu, na kamati itathibitisha kwa ujumbe; msimamizi asimfute bali ampange zamu nyingine. Likaandikwa, karatasi moja. Halikumrudishia kijana wangu kibarua chake, hilo niliseme wazi. Waliokuja baada yake ndio walionufaika, naye analijua.

Mtihani wa udereva alishindwa mara ya kwanza. Mji huu umejaa vipilefti, na kwenye kimojawapo hakugeuza kichwa vya kutosha. Akanyamaza njia nzima. Kuna aibu moja vijana hawa wanaijua sana, ya kuonekana umejaribu ukashindwa mbele ya watu, na wengi huona bora kutojaribu. Nilimsimulia jinsi mimi, dereva wa malori Uvira, nilivyoshindwa mtihani ule ule mara mbili. Hakuamini mpaka mke wangu alipomthibitishia, kwa furaha isiyo ya lazima. Mara ya pili akafaulu.

Kisha ikaja kura ya maoni ya tarehe 14 Oktoba 2023, juu ya chombo cha kudumu cha wenyeji asilia cha kulishauri bunge, jambo ambalo halikuwa mbali sana na alilolitaka mzee Cooper kwenye ombi lake. Asilimia 60 hivi ya nchi ilisema hapana. Jumapili yake sikujua niende kwa Anti niseme nini. Nikaenda na sambusa. Tulikula bila kuwasha televisheni. Jumatatu alikuwa shuleni saa 3, kulikuwa na kikao cha kijana mwingine.

Kijana wangu sasa yuko mwaka wa pili wa uanagenzi wa umeme. Juzi alitupeleka Cummeragunja, kwa gari lake mwenyewe, kibao chekundu cha P, cha dereva mpya, kikiwa kimebandikwa kwa gundi isiyofaa. Anti alitaka kusafisha makaburi. Nilienda kufungua mlango wa mbele kwa mazoea ya saa 120, nikakuta ameshakaa, mkoba mapajani, ikabidi nipande nyuma pamoja na reki na ndoo. Tulipita Barmah, tukavuka daraja la Murray, maji ya kahawia, miti mirefu ya kando ya mto imesimama ndani yake. Sikuwa na breki ya kukanyaga. Mbele, Anti, ambaye hajawahi kuwa na leseni maisha yake yote, alikuwa akimwambia apunguze mwendo, awashe indiketa, asiangalie ndege.

“Ndiyo, Anti,” kijana alikuwa anajibu kila mara. “Ndiyo, Anti.”